Elfu Thelathini na Moja za Darla

Ukimuuliza Darla Piontek ni kitu gani kilimchoma zaidi jioni ile, hatakutajia maneno yaliyosemwa. Atakutajia mkono. Mkono mweupe, kucha zimepakwa rangi ya cheri, umejilaza juu ya koti la Wade Vandehey kana kwamba umelipia pango pale.

Ilikuwa Ijumaa ya msimu wa kuwinda kulungu. Baa ya Augie ilikuwa imefurika wanaume wenye makoti ya uwindaji ya rangi ya machungwa, wake zao, mama zao, na harufu ya samaki wa kukaanga. Nje theluji ilikuwa ikiangukia magari taratibu. Darla alisimama karibu na kaunta, kipaza sauti mkononi, akiendesha bahati nasibu ya nyama: watu wananunua vibao vya namba, dola moja kila kibao, gurudumu linazungushwa, na mwenye namba iliyotoka anakuja kuchagua nyama yake kwenye sinia. Fedha za leo zilikuwa za kununulia lifti ya viti vya magurudumu kwenye gari la nyumba anayofanyia kazi, nyumba wanamoishi watu wazima sita wenye ulemavu.

Mmoja wa hao sita alikuwa Lyle, mwanamume wa miaka hamsini, mwenye vyuma vya kutembelea miguuni na kicheko kinachosikika mpaka barabarani. Yeye ndiye aliyezungusha gurudumu, na hakutaka mtu mwingine aliguse.

"Darla," Lyle alisema, "namba hiyo umeiita mara mbili."

"Ipi?"

"Kumi na nne. Yule mzee ameshachukua bekoni yake, ameshaketi."

"Nisamehe, Lyle. Macho yangu yalikuwa mbali."

Hayakuwa mbali. Yalikuwa meza ya tatu kutoka dirishani, ambako Wade alikaa na mama yake, na katikati yao Kendra Buss, ambaye hakuna aliyemwalika.

Kendra alikuwa mchumba wa Wade kabla ukoo wa Wade haujamjua Darla. Alisoma miaka miwili tu, akaanza kusafisha watu meno, na kwa saa moja analipwa mara mbili ya anacholipwa Darla. Hadaiwi hata senti. Alimwacha Wade akaolewa na mwalimu, ndoa ikavunjika, na tangu majira ya joto amerudi, akapanga nyumba mtaa wa pili kutoka kwa Wade. Mitaa yote ya mji ule, akauona huo.

Darla alikuwa akijiambia kwamba yeye si mtu wa wivu. Lakini tangu Kendra arudi alijikuta anapiga mswaki mara tatu kwa siku. Alijua mwenyewe kwamba ni upuuzi, na aliendelea kuupiga.

Na wiki hii ndiyo haikufaa kabisa kwa mambo ya wivu. Jumatatu ilikuwa siku ya mwisho ya kuamua. Darla alikuwa na stashahada yake ya miaka miwili na deni la dola elfu tisa. Chuo kikuu kilikuwa kimempa nafasi, Januari aanze kusomea shahada ya huduma za jamii, na mkopo wa elfu ishirini na mbili ulikuwa unamsubiri akubali au akatae. Jumla, elfu thelathini na moja. Namba hiyo hata mama yake mzazi hakuijua. Alimwambia Wade peke yake, jikoni kwake, huku amefumba macho. Wade alisema "sawa," akaosha vikombe, na tangu siku hiyo maneno ya harusi ya Juni, ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeyaanzisha, yakapotea mdomoni mwake. Wiki tatu sasa. Halafu leo, mkono wa Kendra.

Darla alichukua kikapu cha vibao akaanza kupita mezani. Alianzia meza za mbali kwa makusudi, ili akifika ya tatu kutoka dirishani aonekane amefika tu.

"Keti kidogo, binti," alisema Bernadine, mama yake Wade, akimvutia kiti. Alikuwa mjane mnene, mwenye nywele fupi na macho yasiyokosa kitu. "Umesimama tangu saa kumi na moja. Kula hii chapati ya viazi, mimi imenishinda."

"Asante, mama. Naketi dakika moja tu."

Wade alimtabasamia. Kendra naye alimtabasamia, na meno yalikuwa kama unavyoweza kufikiria. Mkono haukuondoka.

"Tulikuwa tunakuzungumzia," alisema Bernadine.

"Kwa mema, natumaini."

"Kwa kweli. Mimi nasema mbele yako ili nisije nikasema nyuma yako. Nakupenda, Darla. Ulivyomhudumia marehemu shemeji yangu, sitasahau. Lakini hii shule yako inaninyima usingizi. Mtoto wa dada yangu alisoma kitu hichohicho. Leo anapokea simu kwenye ofisi ya bima, na deni linamtafuna. Mtu anakopa kama daktari, analipwa kama muuza duka."

"Sikopi kama daktari, mama."

"Unakopa kiasi gani?"

Darla alikata kipande cha chapati. "Kiasi cha kunitosha."

"Mwanangu anakaribia kuoa. Mama lazima ajue anaoa mtu au anaoa deni."

"Mama," Wade alisema.

"Nimeuliza tu. Kuuliza si kosa."

"Hata mimi ningeogopa," alisema Kendra kwa ile sauti laini ya mtu anayekuomba ufungue mdomo zaidi kidogo. "Elfu thelathini na moja si mchezo, mdogo wangu. Lakini wewe utaweza. Wewe ni mvumilivu."

Darla hakumtazama Kendra. Alimtazama Wade. Wade alikuwa anamtazama samaki kwenye sahani yake kana kwamba samaki ndiye atakayemwokoa.

Mtu akikutukana unaweza kumrudishia. Lakini kuisikia siri yako ikitoka kwenye mdomo wa mwanamke yule, tena kwa huruma, ni kitu kingine. Darla alijikaza kisabuni.

"Vibao mtachukua vingapi?" aliuliza.

"Viwili," alisema Kendra, akampa noti ya dola tano. "Chenji baki nayo, ikusaidie."

Darla alihesabu dola tatu, akaziweka mezani moja moja, akazinyoosha. Kisha akainuka, akamkabidhi Lyle kikapu, akamwambia asizungushe kitu mpaka arudi, akatoka nje kwa mlango wa jikoni bila koti.

Alikuwa amefika katikati ya magari aliposikia theluji ikilia chini ya viatu vya mtu. Wade alikuja amebeba koti la Darla.

"Vaa, utaumwa."

"Mpelekee Kendra."

"Darla."

"Umebakiza nini hujampelekea? Naona koti tu ndilo lililobaki."

Baridi ilikuwa inamng'ata mabega, lakini kuvaa koti lile kungekuwa kama kusamehe, na msamaha wenyewe haukuwa karibu.

"Ulimwambia lini?"

"Jumanne."

"Wapi?"

"Kwake. Nilipita pale nikitoka kazini."

"Kwake." Darla alilirudia neno kama mtu anayeonja maziwa yaliyoharibika. "Ulikaa sana?"

"Tulikunywa kahawa."

"Sikukuuliza mlikunywa nini. Nimeuliza ulikaa sana?"

"Saa moja. Labda na zaidi kidogo."

"Wade, ile namba sijawahi kumtajia mtu. Nilikutajia wewe nimefumba macho, nikakuomba usinitazame. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Afadhali ungenivua nguo mbele yake. Mwili wangu siuonei aibu."

Wade alikuwa mtu mrefu, dereva wa lori la maziwa, aliyezoea kuamka kabla ya kuku na kushinda na ng'ombe wa watu, na maneno yake yalichelewa kama lori kwenye kilima. Darla alikuwa ameupenda huo uchelewaji tangu siku ya kwanza. Leo ulimkera.

"Nilikwenda kuuliza," alisema hatimaye.

"Kuuliza nini? Meno?"

"Kuuliza habari ya kuoa."

"Kuoa nani?"

"Kwani mimi nina nani mwingine?"

"Mwulize huyo aliyelala kwenye koti lako."

"Hebu nisikilize, tafadhali. Yule mume wake, mwalimu, alikuwa na mkopo wa shule kama wako. Walipooana malipo ya kila mwezi yakapanda, kwa sababu wenye mkopo walihesabu na mshahara wa Kendra. Nikasema ngoja nimuulize, yeye amepitia. Nilitaka nikuoe Juni, Darla, kama nilivyosema. Ila nikaogopa nisije nikakuongezea mzigo badala ya kukupunguzia. Kendra akachukua simu yake, akapiga hesabu. Ukiwa peke yako na mshahara wa kaunti utakapomaliza shule, utalipa kama mia mbili na ishirini kwa mwezi. Ukiwa mke wangu, mia tatu na arobaini."

"Halafu?"

"Halafu akasema, mtu anayefanya kazi ya kaunti akilipa miaka kumi bila kukosa, kilichobaki kinafutwa. Kwa hivyo la busara ni kusubiri."

"Kusubiri mpaka lini?"

Wade alivuta pumzi. "Mpaka lifutwe."

Darla alitaka kuhakikisha amesikia vizuri.

"Miaka kumi," alisema.

"Na hii miwili ya shule."

"Miaka kumi na miwili, Wade. Kendra amekushauri usinioe miaka kumi na miwili, mkono wake uko juu ya koti lako, na wewe ukamshukuru kwa kahawa."

Ungemwona Wade wakati ule ungemhurumia. Uso wake ulibadilika polepole, kama dereva aliyekumbuka akiwa maili ishirini mbele kwamba hakufunga bomba la tangi.

"Sikulifikiria hivyo," alisema.

"Najua hukulifikiria. Yeye alilifikiria."

"Darla, naapa, mimi na yeye hakuna kitu."

"Kwako hakuna. Kwake je?" Machozi yalianza kumtoka, akakasirika zaidi kwa sababu yalikuwa yanatoka. "Unajua nimekuwaje wiki tatu hizi? Nikiliona gari lake barabarani naangalia linaelekea wapi. Nikikupigia simu ukachelewa kupokea, nahesabu mitaa. Nimekuwa mtu nisiyempenda. Nikadhani umeisikia namba yangu ukaona heri urudi kwa yule asiyedaiwa."

"Mimi? Nirudi kwa Kendra?"

"Ungekuwa mwanamume wa kwanza?"

"Niliogopa kukuuliza wewe," alisema Wade. "Niliona utadhani nakupigia hesabu."

"Ulikuwa unanipigia hesabu. Ila uliipiga na mwanamke mwingine."

Neno hilo lilimpiga. Alishusha macho, akabaki ameshika koti la mtu kama mtumishi. Darla naye alijiona ameanza kutetemeka, akalinyakua, akalivaa. Lakini alilivaa kwa hasira, ili ijulikane.

"Hilo la mshahara wako kuhesabiwa nilishalijua tangu Agosti," alisema. "Mke na mume wakijaza fomu za kodi ya serikali kila mtu peke yake, wenye mkopo hawauhesabu mshahara wako. Lina hasara zake ndogo ndogo, lakini linawezekana. Nimeyasoma hayo yote, Wade. Ndiyo shule yenyewe, kusaidia watu wasilemewe na makaratasi. Ungeniuliza mimi."

"Ningekuuliza wewe."

"Na tuseme lisingewezekana. Tofauti ni dola mia moja na ishirini kwa mwezi. Hii hapa inakunywa mafuta ya kiasi gani?"

Alipiga kiganja kwenye pikapu ya Wade, nyeusi, ndefu, inayong'aa hata chini ya theluji.

"Ulinunua bei gani?"

"Unaijua."

"Itaje."

"Elfu sitini na mbili," alisema Wade kwa sauti ya chini.

"Pikapu yako ni mimi mara mbili. Umewahi kumwona mtu amekaa na mama yako anakula samaki, anauliza kama mwanamume mwenye pikapu kama hii anafaa kuoa? Miaka kumi ijayo hii itakuwa kutu. Mimi nitakuwa kazini."

Kitu kama tabasamu kilimpitia Wade, akakiwahi kukimeza. "Basi niambie wewe," alisema. "Mimi nakuuliza. Inalipa?"

Swali hilo ndilo alilolingoja wiki tatu. Na sasa lilipokuja, Darla aliona kwamba hata yeye lilikuwa linamtesa.

"Sasa napata kumi na saba na nusu kwa saa," alisema. "Kaunti, ukiwa na shahada, wanaanzia ishirini na nne. Kwa mwaka ni kama elfu kumi na tatu zaidi. Deni, hata nikililipa kwa ile mia tatu na arobaini, linakula elfu nne na kitu. Kinabaki kitu. Hakinitajirishi. Kendra atanizidi mshahara mpaka tunazeeka wote wawili, na hilo linaniuma, sikufichi. Kuna siku najilaumu kwa nini sikusomea meno."

"Halafu?"

"Halafu nafika kazini, nakuta bima imekataa tena vyuma vipya vya Lyle, na vile alivyonavyo vinamchubua mpaka damu. Yule mtu wa kaunti ambaye angempigania ana watu tisini, hata jina la Lyle halijui, anamwita Lionel. Nataka kukaa kwenye ile ofisi mimi, Wade. Naogopa deni mpaka tumbo linauma, na bado nataka."

Mlango wa jikoni ulifunguliwa. Lyle alichungulia, kikapu amekikumbatia kifuani.

"Darla, watu wanataka nyama."

"Nakuja, Lyle."

"Umelia?"

"Kidogo."

"Huyu amekuliza?" Lyle alimkazia Wade macho.

"Tunaelewana," alisema Darla, akajifuta. "Au tutaelewana. Twende."

Ndani joto lilimpokea usoni. Meza ya tatu, Kendra alikuwa amemsogelea Bernadine, anamwonyesha kitu kwenye simu, wote wawili wakicheka. Ulikuwa ni wivu, tuseme ukweli. Kama si wivu, Darla asingefanya alichofanya. Angeuza vibao vyake kimya kimya na kwenda kulia nyumbani. Alishika kipaza sauti, akapuliza.

"Kabla gurudumu halijazunguka," alisema, "nina tangazo. Kuna namba yangu inatembea humu ndani bila mimi. Nimeona nitembee nayo mwenyewe. Nikimaliza shule nitakuwa nadaiwa elfu thelathini na moja. Nitasomea huduma za jamii, na nitalipwa mshahara wa kawaida. Anayetaka kujua zaidi aniulize mimi. Nipo hapa mpaka nyama iishe."

Mafuta tu ndiyo yaliyosikika jikoni yakichemka. Darla alijua amejiaibisha mbele ya mji mzima na Jumatatu atakutana nao wote dukani.

Augie mwenyewe, nyuma ya kaunta, aliweka chini glasi aliyokuwa akiifuta.

"Paa," alisema. "Paa la baa hii. Elfu arobaini na mbili, na bado linavuja."

Mtu alicheka. Kutoka pembeni mwindaji mmoja alinyanyua mkono kama yuko darasani.

"Boti yangu. Kumi na nane. Mke wangu anajua kumi."

"Sasa najua," alisema mke wake.

Kicheko kilizunguka baa, na kabla hakijatulia watu walikuwa wanatajiana madeni kutoka meza hadi meza: matrekta, upasuaji wa goti, harusi ya binti, jiko jipya. Bernadine peke yake hakucheka. Alikuwa amemgeukia mwanawe, aliyekuwa amesimama mlangoni na theluji mabegani.

"Wade, na ile pikapu?"

"Mama, tutaongea nyumbani."

"Mwenzako amesema hadharani. Ile pikapu ni kiasi gani?"

"Sitini na mbili."

Bernadine aliweka uma chini. "Uliniambia ni ya mtumba."

"Ni ya mtumba, mama. Ilikuwa na maili mia nane."

Baa ilipasuka. Bernadine alingoja waishe. Kisha alivuta sahani, akaifunika kwa leso ya karatasi, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Darla, binti yangu, chapati yako naihifadhi hapa. Ukimaliza kazi uje uimalizie."

Kendra alikuwa hacheki tena. Alikuja mpaka kwenye kaunta, akaweka vile vibao viwili juu yake, akamwinamia Darla.

"Hakuna aliyekuuliza, mdogo wangu," alisema polepole.

Darla alikiweka kipaza sauti kando, ili haya yabaki kati yao.

"Ndiyo maana nimesema mwenyewe. Na ushauri wako Wade amenifikishia, nashukuru. Ila miaka kumi na miwili ni mingi, Kendra. Ungechoka kungoja."

Wekundu ulipanda kutoka shingoni mwa Kendra mpaka masikioni. Alifungua mdomo, meno yote yakaonekana, akaufunga. Aligeuka, akaenda kwenye ukuta wa makoti, akaanza kupekua. Makoti yalikuwa mengi, yote ya rangi ya machungwa, na la kwake lilikuwa limefukiwa chini.

Wade alifika kaunta. Safari hii hakuchelewa.

"Naweza kukuuliza sasa?" alisema.

"Bado."

Darla alitoa simu yake mfukoni. Alikuwa ameufungua ukurasa ule mara nyingi sana wiki hiyo na kuufunga kila mara. Sasa aliufungua, akasoma kila mstari ingawa aliujua kwa moyo, akaweka alama palipotakiwa alama. Alimtazama Lyle, ambaye alikuwa ameegemea gurudumu ili kupumzisha mguu unaomuuma. Akabonyeza.

"Umefanya nini?" aliuliza Wade.

"Nimekopa." Darla alivuta pumzi ndefu, na alishangaa kuona kwamba bado inaingia. "Nimelichukua deni likiwa langu, kabla hujanitamkia neno, ili isije siku ukasema nilikopa nikiutazama mshahara wako. Elfu thelathini na moja, Wade. Umesikia na mji mzima umesikia. Kama unaona ni nyingi, rudi ukale samaki wako, sitakuchukia."

"Samaki amepoa."

"Basi uliza."

Wade alimsogelea, akashusha sauti kama alivyozoea kuishusha kwa mambo yaliyo karibu na moyo wake. "Darla Piontek—"

"Kwa sauti," alisema Darla. "Kendra bado hajalipata koti lake."

Wade aligeuka, akatazama ukuta wa makoti, akamtazama tena Darla. Kisha alinyoosha mkono juu ya sinia la nyama, akachukua kipaza sauti.